Daktari Aliyezipambanua Damu

Mdogo wangu alipoumia huko kwetu Muyinga, nilitoka shuleni Gitega nikampe damu. Yangu ikakataliwa, ya dada ikakubaliwa; akapona. Nikataka kujua sababu.

Karl Landsteiner alizaliwa Austria mwaka 1868, akafiwa na baba angali mdogo, akasomea udaktari. Damu ni maji yenye chembe nyekundu zichukuazo hewa, nyeupe zipiganazo na maradhi, na nyingine zizibazo jeraha. Zamani wengi waliotiwa damu ya mwenzao walikufa. Landsteiner akachanganya damu yake na za wenzake kazini, baadhi zikagandamana. Mwaka 1901 akatangaza aina tatu, ziitwazo leo A, B na O. Akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1930, akafariki New York mwaka 1943.

Wenzangu, undugu peke yake hautoshi. Pimeni damu zenu.