Simo Häyhä: Mlenga Shabaha Asiyetumia Darubini

Leo tunawaletea maisha ya Simo Häyhä, mkulima wa Ufini aliyezaliwa Rautjärvi mwaka 1905. Akiwa na miaka 17 alijiunga na mgambo, akajizoeza kulenga shabaha pasipo kuchoka. Vita na Urusi ya Kisovieti vilipozuka Novemba 1939, alipelekwa Kollaa.

Bunduki yake, M/28-30, haikuwa na darubini. Aliona kuwa darubini humlazimu mpigaji kuinua kichwa, na kioo chake huweza kumetameta juani au kuingia ukungu penye baridi. Kwa vilengeo vya chuma pekee, hutajwa kuwa aliangusha maadui zaidi ya 500. Tarehe 6 Machi, 1940 risasi ilimvunja taya. Alipopata fahamu, amani ilikuwa imefikiwa. Alipandishwa kutoka koplo hadi luteni usu, akafariki mwaka 2002.

Funzo kwetu ni dhahiri. Anayetafuta darubini ya mashindano kwa fedha chache asione haya: achague iliyo imara, isiyopoteza marekebisho yake, na salio aligharimie mazoezi. Subira haiuzwi dukani.