McCollum, mzee wa panya aliyeipa vitamini D jina

Haya wadau, siku hizi kila kona utasikia vitamini D inazuia kisukari, eti nunua kopo la vidonge mambo kwisha. Kabla hamjatoa hela zenu, ngoja niwape habari za Elmer McCollum, mzee aliyeipa vitamini hiyo jina.

Alizaliwa 1879 shambani, karibu na Fort Scott, Kansas, Marekani. Akiwa mchanga nusura afe kwa kiseyeye, maana alilishwa maziwa ya kuchemsha na viazi. Mama yake akawa anamenya matofaa huku kampakata, anampa akwangue maganda. Mtoto akapona! Sababu hakuna aliyeijua, vitamini zilikuwa bado hazijagunduliwa.

Mwaka 1907 akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin kuchunguza chakula cha ng'ombe. Akaona ng'ombe ni mkubwa mno, majibu yanachukua miaka. Akataka panya. Mabosi wakagoma: panya ni adui wa mkulima, iweje afugwe kwa pesa ya wakulima? Jamaa akanunua panya weupe 12 kwa pesa yake mwenyewe. Mwaka 1913, pamoja na Marguerite Davis, dada aliyeanza kazi hiyo bila mshahara, akaonyesha kwamba ndani ya siagi na kiini cha yai kuna kitu ambacho panya akikikosa hakui. Ndiyo vitamini A.

Mwaka 1917 akahamia Johns Hopkins, Baltimore. Enzi hizo watoto wengi wa miji yenye jua hafifu walikuwa na matege ya mifupa laini. Ilishajulikana kwamba mafuta ya ini la samaki yanatibu, na watu wakaamini ni kazi ya vitamini A. McCollum hakuridhika. Akayapasha moto mafuta na kupitisha hewa ndani yake mpaka A ikafa. Mafuta yale hayakutibu tena macho ya panya, lakini mifupa yaliponya. Kumbe kuna kitu kingine! Mwaka 1922 akakiita vitamini D.

Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia. Vitu viwili vikionekana pamoja, alivitenganisha kwanza ndipo akasema.

Sasa turudi kwenye kisukari. Ni kweli, wenye kisukari na wanene wengi wana vitamini D ndogo. Lakini mafuta ya mwili yenyewe huifungia D ndani, na anayeshinda ndani haoni jua wala hatembei. Kipi kimeleta kipi? Mwaka 2019 yalitoka majibu ya jaribio la Marekani la watu 2,423 ambao sukari yao ilishapanda kidogo. Waliomeza yuniti 4,000 kila siku, 293 walipata kisukari. Waliomeza vidonge vitupu, 323. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu. Mwaka 2023 majaribio matatu ya aina hiyo yakaunganishwa, likaonekana punguzo la kama asilimia 15, ila kwa watu wa kundi hilo hilo tu.

Kwa hiyo aliyepimwa akakutwa na upungufu amsikilize daktari wake, na mwenye dawa za sukari asiziache. Wengine, tutoke nje tutembee, soda tupunguze.

McCollum alifariki 1967. Mnasemaje wadau, huko kwenu vidonge hivi vinauzwa kwa maneno gani? Mwageni maoni hapo chini.