Malcolm Wheeler-Nicholson, meja aliyeanzisha jarida la hadithi mpya za picha

Wengi wa wasomaji wetu wa Bujumbura waliopitia shule za Kifaransa walizijua hadithi za picha kwa njia ya Ubelgiji, kupitia Tintin wa mchoraji Hergé, ambaye kisa chake cha Kongo kilianza kuchapishwa Brussels mwaka 1930. Waliobahatika kupata magazeti ya Dar es Salaam waliijua Sani, jarida lililopata jina kutokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nairobi kulikuwa na Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Kinshasa, kuanzia mwaka 1968, vijana walisoma Jeunes pour Jeunes. Majarida hayo hayafanani kwa lugha wala kwa mzaha, lakini yana udugu wa umbo: kitabu chepesi cha bei ndogo, ndani yake visa na wahusika wengi vilivyobuniwa kwa ajili ya jarida hilo, si vilivyookotwa kwingine. Umbo hilo lilijaribiwa kwa dhati huko New York mwanzoni mwa mwaka 1935, na aliyelijaribu hakuwa mchoraji. Alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la wapanda farasi, Meja Malcolm Wheeler-Nicholson.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1890 katika mji wa Greeneville, jimbo la Tennessee. Mama yake, Antoinette Wheeler, alikuwa mwandishi wa habari katika zama ambazo wanawake wachache walifanya kazi hiyo, na jina refu la mwanawe lilitokana na kuunganisha jina la mama na la baba wa kambo, mwalimu aliyeitwa Nicholson. Utoto wake ulipita magharibi ya mbali ya Marekani, mjini Portland na katika shamba la farasi la jimbo la Washington. Kwa hiyo alikua kati ya vitabu na farasi, na vyote viwili vikamfuata maisha yake yote.

Baada ya shule ya kijeshi ya Manlius, New York, aliingia katika kikosi cha wapanda farasi. Alikuwa kwenye mpaka wa Meksiko wakati Jenerali Pershing akimsaka Pancho Villa. Alitumikia Ufilipino katika Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, kimojawapo cha vikosi vya askari weusi vilivyoongozwa na maofisa weupe, kwa kuwa jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga watu kwa rangi zao. Alifika hadi Siberia, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akapelekwa Ulaya. Mwaka 1920, mjini Koblenz, alimuoa Elsa Björkbom, msichana wa Kiswidi, na wakajaliwa watoto watano. Alihesabiwa miongoni mwa mameja vijana kabisa wa jeshi lake, na lau angenyamaza, huenda angestaafu akiwa jenerali.

Hakunyamaza. Alimwandikia Rais Warren Harding barua ya wazi akiwashutumu wakubwa wa jeshi kwa namna walivyoliendesha na kwa kuwapandisha vyeo watu wao. Barua hiyo ilichapishwa magazetini, na jeshi likamgeukia. Katika siku hizo za ugomvi alipigwa risasi na mlinzi wa kijeshi na kulazwa hospitalini. Familia yake iliamini mpaka mwisho kwamba lilikuwa jaribio la kumuua. Mwezi Juni 1922 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa kosa la kuichapisha barua ile. Hakuvuliwa cheo, lakini kila mtu alifahamu kwamba hatapanda tena. Mwaka 1923 aliacha jeshi. Alibaki na jina la meja, ambalo watu waliendelea kumwita hadi kifo chake, pamoja na mke, watoto na kalamu.

Kalamu iliwalisha. Marekani ya miaka ile ilikuwa na majarida mengi ya visa yaliyochapwa kwa karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache. Meja aliyaandikia hadithi za vita, za majambazi wa jangwani na za majasusi, akitumia aliyoyaona katika mabara matatu. Mwaka 1925 alianzisha kampuni ya kuyauzia magazeti katuni, na miongoni mwa bidhaa zake kulikuwa na riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, iliyogeuzwa kuwa picha. Kampuni hiyo haikudumu. Hata hivyo wazo lilibaki kichwani mwake: kwamba hadithi ndefu yenye mapigano na safari, iliyozoeleka kwa maneno matupu, inaweza kusimuliwa kwa michoro.

Ili kuielewa hatua yake iliyofuata, ni lazima kujua vitabu vya katuni vya Marekani vilikuwa nini mwaka 1934. Kwa sehemu kubwa vilikuwa marudio. Wachapaji walichukua katuni ambazo tayari zilikuwa zimetoka katika magazeti ya Jumapili, wakazipunguza ukubwa, wakazishona pamoja na kuziuza kwa senti 10. Famous Funnies, jarida lililofanikiwa kuliko yote mwaka huo, lilikwenda kwa njia hiyo. Kampuni ya Dell ilikuwa imejaribu michoro mipya mwaka 1929, kwa chapisho lililofanana zaidi na gazeti kuliko kitabu, na ikakata tamaa. Marudio yalikuwa salama, kwani wahusika walishapendwa. Lakini katuni zilizopendwa zilikuwa mikononi mwa kampuni chache zilizotoza ada, na meja hakuwa na fedha za kulipa ada hizo. Nadhani ni haki kusema kwamba ufukara wake ulichangia uvumbuzi wake. Asiyeweza kununua hadithi za wenzake hana budi kutafuta watu wa kumtungia nyingine.

Katika majira ya vuli ya 1934 aliunda kampuni aliyoiita National Allied Publications. Mwezi Januari 1935 toleo la kwanza la New Fun lilifika vibandani, likiwa na tarehe ya Februari. Lilikuwa kubwa kama gazeti, lenye kurasa 36, jalada la rangi na kurasa za ndani zisizo na rangi. Aliyefungua alikuta mchunga ng'ombe Jack Woods, visa vya wanafunzi wa chuo, wanyama wa kuchekesha, safari ya kwenda sayari ya kubuni, jasusi wa kike aitwaye Sandra, na Barry O'Neill akipambana na adui wa Kichina, Fang Gow. Huyu wa mwisho hatuna sababu ya kumpamba. Mchina mwovu alikuwa kinyago cha kawaida katika hadithi za Wamarekani wa siku hizo, kama Mwafrika wa mzaha alivyokuwa katika kurasa za Wabelgiji, na New Fun haikuwa safi kuliko nyingine. Lakini karibu kila kilichokuwamo kilikuwa kipya, na hilo ndilo lililolitofautisha na majarida mengine ya vibandani.

Hadithi mpya huhitaji watu wapya. Wachoraji wakongwe walikuwa na kazi magazetini, kwa hiyo ofisi ya meja ikajaa vijana ambao hakuna aliyewajua. Wawili kati yao waliishi Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wana wa familia maskini za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya. Kazi yao ya kwanza katika jarida lake ilitoka katika toleo la 6, la Oktoba 1935: kisa cha mpiga panga wa Kifaransa aitwaye Henri Duval, na kingine cha Doctor Occult, mpelelezi wa mambo ya kichawi. Desemba mwaka huo meja alitoa jarida la pili, New Comics, dogo kwa umbo na karibu na kipimo ambacho vitabu vya katuni vilikuja kuwa nacho.

Majarida yalikuwepo na wasomaji walikuwepo, ila fedha hazikuonekana. Biashara ya magazeti ya vibandani inafanana na ile wafanyabiashara wetu wanayoiita mali kauli. Msambazaji hupokea nakala, huzipeleka vibandani, hungoja zinunuliwe, zisizonunuliwa hurudishwa, na malipo humfikia mchapishaji baada ya miezi mingi, yakiwa yamekatwa hapa na pale. Wakati huo mwenye mtambo anadai, muuza karatasi anadai, na mchoraji anadai kodi ya nyumba yake. Anayemudu biashara hiyo ni mwenye akiba. Meja alikuwa na vazi la heshima, kofia, ufasaha na ahadi. Wachoraji wake wengi walikumbuka hundi zilizochelewa au ambazo hazikuja kabisa. Mtetezi wake anaweza kusema kwamba hata yeye hakulipwa kwa wakati. Ni kweli, lakini mchoraji asiye na chakula haponywi na maelezo hayo.

Deni hilo kwa vijana wake lilimgharimu zaidi kuliko alivyoweza kujua. Siegel na Shuster walikuwa na mhusika mmoja waliyemzungusha kwa miaka kila mahali, na kila mahali akakataliwa: mtu mwenye nguvu zisizo za kibinadamu aliyetoka sayari nyingine. Meja alimtaka. Mwaka 1935 aliwaahidi kumchapisha katika jarida lake. Vijana wale, ambao hawakuwa wamelipwa kwa kazi waliyokwisha kuifanya, walikataa kumpa. Waliendelea kumuuzia visa vingine, lakini Superman walimweka kando.

Kufikia mwishoni mwa 1936 madeni yalikuwa yamemfunga kwa mtu mmoja, Harry Donenfeld, aliyekuwa na mkono katika uchapaji na katika usambazaji pia. Anayedai gharama za kuchapa ndiye aliyeshika mapato ya mauzo. Si rahisi kutoka katika kamba ya namna hiyo. Ili jarida la tatu, Detective Comics, lichapishwe, meja alilazimika kuunda kampuni mpya pamoja na mhasibu wa Donenfeld, Jack Liebowitz. Toleo la kwanza lilichelewa, likatoka na tarehe ya Machi 1937. Lilikuwa jarida la visa vya upelelezi peke yake, na herufi za mwanzo za jina lake, D na C, ndizo zinazoitwa hadi leo na kampuni ya DC.

Mwaka 1938 Donenfeld alimshtaki kwa kutolipa, na kampuni ikasukumwa katika ufilisi. Baadhi ya waandishi wa historia husimulia kwamba meja na mkewe walikuwa wametumwa Kuba kwa meli, eti wakapumzike na kufikiria mawazo mapya, na waliporudi walikuta kufuli ya ofisi imebadilishwa. Lililo wazi ni matokeo: mali ya National Allied ilikwenda kwa Donenfeld. Mwaka huohuo, katika jarida jipya la Action Comics lenye tarehe ya Juni, wamiliki wapya walimtoa Superman. Haki zote za mhusika huyo walikuwa wamezinunua kutoka kwa Siegel na Shuster kwa dola 130. Mwaka uliofuata, katika toleo la 27 la Detective Comics, alijitokeza Batman. Utajiri uliofuata haukumfikia meja. Siegel na Shuster nao walitumia miaka mingi mahakamani wakidai walichokuwa wamekiuza ujanani kwa fedha ndogo. Kwa hiyo wale vijana waliomkimbia mdaiwa mwenye ahadi tamu waliangukia kwa walipaji wa uhakika, na hao wakawachukulia kila kitu.

Wheeler-Nicholson hakurudi tena katika katuni. Alirudi alikoanzia, kwenye mambo ya vita. Mwaka 1940 alichapisha Battle Shield of the Republic, na 1941 America Can Win, vitabu vilivyoendeleza ugomvi wake wa zamani na namna jeshi la nchi yake lilivyoongozwa. Alifariki mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 75.

Kwa muda mrefu alitajwa, pale alipotajwa, kama mbabaishaji aliyetangulia wafanyabiashara wa kweli. Familia yake haikuikubali picha hiyo. Wajukuu walitafuta barua, majalada ya kijeshi na nakala za majarida, na taratibu wachunguzi wakaanza kumwandika upya. Mwaka 2008, miaka 73 baada ya New Fun, aliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Eisner, ambazo ni kubwa kwa wachoraji wa katuni wa Marekani. Majina ya Siegel na Shuster yalikuwa yamekwisha kuwekwa humo miaka mingi kabla yake.