Aliyemtazama Mmoja Tu: Maisha ya Apolo Kivebulaya

Andiko: Mathayo 6:1-4, Wafilipi 2:3-4

Juzi tulimpelekea unga mama mmoja mchuma chai aliyekuwa mgonjwa. Nilipiga picha tatu, nikaziweka kwa stetasi hata kabla hatujatoka kwake. Jioni nikahesabu waliotazama: watu 142. Nilipolala ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza kama amepata dawa. Niliona aibu mbele za Mungu. Ndiyo sababu leo nawaletea maisha ya Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa. Alipokuwa kijana alishika silaha katika vita vya dini vya Buganda. Mwaka 1895 alibatizwa, akachukua jina Apolo. Hilo Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti la Kizungu alilokuwa anavaa. Kwa hiyo tusidhani alikuwa mtu asiyejua kupendeza. Alikuwa kijana kama vijana wetu.

Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaenda Mboga, sehemu ambayo leo iko Kongo. Chifu wa huko, Tabaro, hakumtaka. Watu walikatazwa kumuuzia chakula. Alichapwa vibaya, na kanisa alilojenga likachomwa. Kisha jambo baya zaidi likatokea: dada ya chifu alikufa kwa ajali ya mkuki wakati wa kazi ya ujenzi, na Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Alifungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Hapo tukae kidogo. Jina lake lilikuwa limeharibika kabisa. Hakuwa na mahali pa kujitetea wala watu wa kumpigia makofi. Huko gerezani alimwona Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Wapendwa, mtazamaji mmoja tu aliingia ndani ya ile seli, na huyo mmoja alimtosha Apolo mpaka kufa kwake.

Alipoachiliwa angeweza kurudi kwao Buganda. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomchapa. Baadaye Tabaro mwenyewe aliokoka, akabatizwa jina Paulo. Mwaka 1903 Apolo akawa kasisi. Mwaka 1921, akiwa anakaribia miaka 60, umri ambao wengi wetu tunafikiria kustaafu, alianza kazi katika msitu wa Ituri kati ya Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Alijifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha hiyo.

Sasa mtu atauliza, je, ni dhambi kuonekana? Hapana. Mmishonari A. B. Lloyd aliandika kitabu kumhusu mwaka 1923, Apolo akiwa bado hai, na Wazungu wengi wakalijua jina lake. Lakini sifa zilimkuta akiwa kazini, na kazini akabaki. Mimi nilisoma biashara chuoni, na huko tulifundishwa kwamba bidhaa isiyotangazwa hainunuliwi. Kwa duka ni kweli. Shida ni pale nafsi yangu inapokuwa ndiyo bidhaa, na yule mama mgonjwa anakuwa tangazo langu.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliacha ombi moja: azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi, kwa sababu huko bado kulikuwa na watu ambao hawajasikia Injili. Mtu akisimama kwa kaburi hilo anaelekezwa kwa wale waliobaki. Hata katika kufa kwake, Apolo alikuwa anawaza wengine. Leo Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake pale Mboga.

Sisemi tufute akaunti zetu. Vijana wakipiga selfi kwa majani chai, sina neno. Lakini wiki hii, kila mmoja wetu atafute mtu mmoja mwenye shida, amtembelee, na simu ikae mfukoni. Usimwambie mtu, hata mimi usiniambie. Mimi nilishaanza kwa kurudi kwa yule mama, na hayo mengine tuliyoongea yatabaki kati yetu na Mungu.

Kwa ushirika wa nyumbani:
1. Ni kazi gani unayoifanya kwa Bwana ambayo ungeendelea nayo hata kama hakuna anayeiona?
2. Ni nani karibu nawe ambaye umempiga picha lakini hujamsikiliza?

Tuombe: Bwana Yesu, tutoshe wewe. Geuza macho yetu kutoka kwetu wenyewe, utuonyeshe msitu wetu uko wapi. Amina.