Thomas Midgley: aliyetibu injini, akawapa watu sumu

Wadau, kila siku kwenye sheli kuna ubishi: niweke petroli ya namba ipi? Wengi wanaamini namba kubwa ndiyo nguvu. Basi leo tumjue jamaa ambaye maisha yake yalifungwa na ubishi huo.

Thomas Midgley, Mmarekani, alizaliwa Mei 18, 1889 huko Beaver Falls, Pennsylvania. Mwaka 1911 alimaliza uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, na 1916 akaajiriwa na Charles Kettering mjini Dayton, Ohio, katika kazi ambayo baadaye ilikuwa chini ya General Motors.

Tatizo alilopewa kila fundi gereji analijua: injini kugonga. Petroli na hewa vikigandamizwa sana ndani ya silinda, sehemu yake inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Unasikia ko-ko-ko ukipanda mlima, nguvu inashuka, na ikizidi hata pistoni inatoboka. Kwa hiyo watengenezaji wa enzi hizo walibaki na injini za mgandamizo mdogo, zinazokula mafuta mengi na nguvu kiduchu.

Midgley na wenzake walijaribu vitu kibao. Desemba 9, 1921 wakatia kemikali kidogo sana yenye madini ya risasi, injini ikanyamaza. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton kwa jina la Ethyl. Risasi haikutajwa kwenye jina.

Hapo ndipo penye utata. Sumu ya risasi ilijulikana tangu kale, na mwanzoni mwa 1923 Midgley mwenyewe ilibidi aende Florida kupumzika maana ilishamwingia mwilini. Tena alijua kuwa spiriti, yaani ethanoli, nayo ikichanganywa na petroli inazuia kugonga. Lakini risasi ilitosha kidogo tu kwa tanki zima, na kampuni iliweza kuimiliki.

Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili. Wengine kibao wakalazwa. Oktoba 30 Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ile na kuinusa kwa kama dakika 1, ili waone haina madhara. Jamani! Mtu ambaye mwaka uliotangulia ilimlazimu kwenda kupumzika! Mauzo yalisimama 1925, yakaruhusiwa tena 1926.

Miaka hiyo hiyo ya 1920 mkemia Graham Edgar, wa kampuni ya Ethyl, ndiye aliyeleta kipimo cha okteni. Heptani inayogonga haraka ilipewa 0, isookteni inayostahimili ikapewa 100. Petroli ya 95 inastahimili kama mchanganyiko wa isookteni asilimia 95 na heptani asilimia 5. Basi! Ni kipimo cha ustahimilivu, si cha nguvu.

Midgley aliendelea kupewa heshima na tuzo. Ndiye pia aliyeongoza ugunduzi wa gesi za friji ambazo miaka mingi baadaye ziligundulika kutoboa tabaka la ozoni. Mwaka 1940 polio ilimpooza miguu, akabuni kamba na kapi za kumwinua kitandani. Novemba 2, 1944 alikutwa amekufa, kamba zile zimemnyonga. Alikuwa na miaka 55.

Risasi yake ilibaki hewani, ikiharibu akili za watoto duniani kote. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho kuiondoa kwenye petroli ya magari, Julai 2021.

Sasa turudi kwenye sheli. Fungua kifuniko cha tanki au kitabu cha gari, utakuta namba. Imeandikwa 91? Kuweka 95 hakukuongezei kitu, unachoma hela. Imeandikwa 95, hasa injini ya turbo? Usishuke, itagonga, au kompyuta ya gari itapunguza nguvu ili kuiokoa. Na mtu akikuuzia dawa ya kuongeza okteni, muulize kwanza ndani mna nini. Wa Dayton hawakuuliza.

Haya wadau, nyie gari zenu zinadai namba ngapi?