Lavoisier: Mtoza kodi aliyepima moto wa mwili

KILA mara daktari anapopima hewa anayovuta mgonjwa ili kujua mwili wake unatumia nguvu kiasi gani, hufuata njia iliyofunguliwa na Mfaransa Antoine Lavoisier zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ndiye aliyethibitisha kwa mizani kwamba mwili huunguza chakula mithili ya kuni mekoni. Hata hivyo, sifa hizo hazikumwokoa, kwani kazi iliyogharimia utafiti wake ndiyo iliyomponza.

Lavoisier alizaliwa jijini Paris mnamo Agosti 26, 1743, katika familia ya mawakili yenye uwezo. Mamaye alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alisomea sheria kama babake, lakini moyo wake ulivutwa na kemia, na mnamo 1768 akateuliwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi akiwa na umri wa miaka 24 pekee.

Mwaka uo huo alinunua hisa katika shirika la matajiri lililokodi kutoka kwa mfalme mamlaka ya kutoza kodi ya chumvi, tumbaku na bidhaa nyinginezo. Raia walilichukia shirika hilo kwa kuwakamua hata maskini hohehahe. Faida aliyoipata huko ndiyo aliyonunulia vyombo vya maabara vilivyosifika kote Ulaya.

Mnamo 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti ya mwenzake katika shirika hilo, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Bi Paulze alijifunza Kiingereza na uchoraji, akawa mfasiri wa mumewe, mwandishi wa kumbukumbu za maabara na mchoraji wa vyombo vyake.

Majira ya baridi ya 1782 na 1783, Lavoisier na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Kwa muda wa saa 10, joto la mnyama huyo liliyeyusha takriban gramu 400 za barafu. Walipolinganisha joto hilo na lile la makaa yaliyotoa kiasi sawa cha hewa ya kaboni, viwango vilikaribiana. Wakakata kauli kwamba kupumua ni kuungua polepole, bila mwali. Lavoisier alidhani moto huo umo mapafuni. Wataalamu waliomfuata walibaini kuwa umo katika viungo vyote.

Kati ya 1789 na 1790 aligeukia binadamu. Msaidizi wake, Armand Seguin, alijitolea kupumua kupitia kifaa kilichopima oksijeni aliyotumia. Akiwa ametulia bila kula, alitumia yapata lita 24 kwa saa. Baridi ilipozidi, kiwango kilipanda hadi 27, na baada ya mlo kikafika 38. Alipofanya kazi ya kuinua uzito kwa mguu, kilizidi lita 60, na alipoifanya baada ya kula, kikakaribia 90.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito wa kisiasa. Bastille ilikuwa imeangushwa Julai 1789, na mkate ulikuwa adimu. Katika taarifa yake kwa Akademia mwaka huo, Lavoisier alionyesha kwamba kibarua huunguza mwili wake kuliko tajiri aliyekaa kitako, ilhali ndiye mwenye chakula haba. Alihimiza mishahara ya wanyonge iboreshwe. Awali, katika njaa ya 1788, alikuwa ameukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka bila riba.

Lakini wananchi hawakusahau kodi. Novemba 1793 watoza kodi walitiwa mbaroni, naye akiwamo. Walishtakiwa, miongoni mwa makosa mengine, kwa kutia tumbaku maji, tuhuma ya kejeli kwa mtu aliyeishi kwa kuamini mizani. Mnamo Mei 8, 1794 alihukumiwa, na siku iyo hiyo akakatwa kichwa pamoja na wenzake 27, akiwemo baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Mali yake ilirejeshwa kwa mjane mwaka 1795. Bi Paulze alichapisha maandishi ya mumewe na kuyagawa kwa wataalamu, naye akaaga dunia mwaka 1836.

Karne moja baada ya kifo cha Lavoisier, Wilbur Atwater wa Marekani aliunda chumba kizima cha kumpimia mtu joto na hewa kwa siku kadhaa. Hadi leo, wataalamu wa lishe wanapokadiria chakula kimtoshacho mkulima au mjenzi, hurejelea kanuni ile ile: anayetoa jasho jingi zaidi ndiye anayehitaji sahani iliyojaa zaidi.