Mwalimu na Waandamanaji

Nilifika Bujora kwa mara ya kwanza siku chache baada ya maandamano yetu ya kudai bumu. Rafiki yangu, yule tuliyeandamana bega kwa bega, kwao ni Kisesa, na alitaka tukapumue huko kabla majina hayajabandikwa ubaoni. Tukaangalia ngoma za watemi pale Makumbusho ya Wasukuma, halafu tukashuka kwa miguu mpaka barabara ya Musoma. Babu yake alikuwa amekaa kivulini. Akatuonyesha kwa fimbo upande alikotokea Mwalimu Nyerere mwaka 1967, akitembea kwa miguu.

Nilishangaa. Nasomea ualimu, Nyerere nimemkariri tangu shule ya msingi, lakini huyo wa kwenye mtihani huwa hatembei. Anahutubia tu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Shule alianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Akaenda Tabora, kisha Makerere kusomea ualimu (kumbe ni mwenzetu wa kozi), kisha Edinburgh. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aendelee na TANU. Alikuwa na mke na watoto, na mshahara ukakatika.

Huku kwetu Ziwani TANU ilikuwa imezuiwa. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni haikuiruhusu Usukuma. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikuja Mwanza kwa wingi kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwaka huohuo Nyerere mwenyewe alipandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa makala aliyoandika juu ya maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kwa hiyo alijua vizuri mtu anavyojisikia akiambiwa na mwenye madaraka kwamba amevuka mpaka.

Ndiyo maana tarehe 22 Oktoba 1966 inanisumbua. Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana wakiwa na majoho na mabango. Walikuwa wanapinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyowataka wasomi wakae kambini na halafu wafanye kazi kwa muda wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai hata enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawaka. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Mmoja wao alikuwa Samuel Sitta, ambaye baadaye tulimjua kama Spika wa Bunge.

Kuna jambo jingine la siku hiyohiyo ambalo wengi hatulisimulii. Wanafunzi walikuwa wamegusa pia mishahara minono ya wakubwa. Pale pale Nyerere alikubali kwamba ni mikubwa, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Yaani aliwafukuza, na hoja yao akaichukua! Miezi mitatu na kitu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha lenye masharti ya uongozi. Waliofukuzwa wengi wao walirudishwa masomoni baadaye.

Oktoba 1967 ndipo akatembea. Alitoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200, kwa siku nane. Vijana nchi nzima walikuwa wanatembea kuliunga mkono Azimio, naye akaingia barabarani akiwa na miaka 45. Babu anakumbuka vumbi kuliko kitu kingine. Anasema watu walitoka mashambani wakaunga msafara, naye aliufuata mpaka miguu ikakataa.

Sasa niruke hadi Machi 1978. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana tena, safari hii kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu. Nauliza, somo hilo walilipata wapi kama si kwake? Polisi waliwazuia, na zaidi ya 300 wakafukuzwa chuo. Hapa mimi namlaumu, na sioni haja ya kuzunguka. Mwaka 1966 walitetea mifuko yao, mwaka 1978 walitetea Azimio, na adhabu ikawa ileile. Maandamano yaliyomfurahisha ni yale aliyoyaongoza au yaliyomuunga mkono.

Aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla mimi sijazaliwa.

Tulipomwambia babu kwamba na sisi tumetoka kuandamana, aliuliza mambo mawili: kama tulitembea kwa mpangilio, na kama pesa imetoka. Tukamjibu kwamba mpangilio ulikuwepo. Akacheka, akaagiza tuletewe matobolwa na karanga. Jioni ile hatukuzungumza tena habari za chuo.

Jumatatu tuliwahi ubaoni kabla ya kipindi cha kwanza. Majina yalikuwa kumi na moja. La rafiki yangu lilikuwa la nne. Mimi nililitafuta langu mara mbili, sikuliona.